Dawa ya Thairoidi: Mambo ya Kuzungumza na Daktari Ukiwa Lodwar au Kakuma

Wasomaji wa ukurasa huu si wote walioko Mombasa, Lamu na Malindi. Wako walimu, madereva wa malori, wafanyabiashara na wafanyakazi wa mashirika ambao riziki imewapeleka Turkana, na wako wenyeji wa huko pamoja na wakimbizi wanaosoma Kiswahili. Miongoni mwao wamo watu, wanawake zaidi kuliko wanaume, wanaomeza kila siku kidonge kidogo cha levothairoksini, ambacho kwenye maduka ya dawa hujulikana zaidi kwa majina ya Euthyrox na Eltroxin. Makala haya ni yao, na ya jamaa zao wanaowanunulia dawa huku pwani.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koo. Kazi yake ni kutoa homoni inayoamua mwili uende kwa kasi gani. Tezi ikilegea, mwili mzima hulegea nayo: uchovu usioisha kwa kulala, choo kigumu, ngozi kukauka, nywele kukatika, uzito kupanda, hedhi kuwa nzito, kusahausahau na huzuni isiyo na sababu. Alama nyingine kubwa ni kuhisi baridi. Lodwar ni katika miji yenye joto kali zaidi Kenya, na mchana digrii 35 ni jambo la kawaida. Mtu anayejitanda shuka huko wakati wenzake wanatafuta kivuli, na amwambie daktari hivyo hivyo bila haya. Ama rovu, yaani uvimbe wa shingo, haitoshi kuwa dalili. Kuna mwenye rovu ambaye homoni yake iko sawa, na kuna asiye na uvimbe wowote lakini tezi yake imechoka kabisa.

Kipimo kinachoongoza dawa hii huitwa TSH, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa sababu namba yake huenda kinyume. TSH haitoki kwenye thairoidi. Hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, na ni kama sauti ya nahodha anayemwamrisha baharia. Baharia akizembea, nahodha hupiga kelele. Kwa hivyo TSH ikiwa juu, homoni ni pungufu na huenda dawa ikahitaji kuongezwa. TSH ikiwa chini sana, dawa imezidi. Kwa mtu mzima, maabara nyingi huhesabu kati ya 0.4 na 4.0 kuwa sawa, lakini kila maabara huandika kiwango chake pembeni ya jibu, na hicho ndicho cha kufuatwa. Wakati mwingine daktari hutaka na kipimo cha T4, yaani homoni yenyewe.

Sasa tuje kwenye mazungumzo. Wagonjwa wetu wengi huingia chumbani, huambiwa “endelea na dawa”, na hutoka. Hata akiulizwa anameza ngapi, hujibu “kile cheupe kidogo”. Haifai. Dawa hii hupimwa kwa mikrogramu, na tofauti ya mikrogramu 25 huweza kumfanya mtu alale usingizi au akeshe moyo ukimdunda. Nunua daftari la shilingi chache uandike mambo manne: tarehe ya kipimo, namba ya TSH, kiasi cha dawa ulichokuwa ukimeza siku hiyo, na jina lililo kwenye paketi. Daftari hilo lina faida maradufu Turkana, ambako afisa wa kliniki aliyekuona mwezi wa tatu huenda amehamishwa kufika wa tisa, na mgonjwa naye huenda leo yuko Hospitali ya Rufaa ya Lodwar na kesho yuko Hospitali ya Misheni ya Kakuma, kama kilomita 120 juu ya barabara.

Swali la kwanza la kuuliza ni hili: “Daktari, TSH yangu ni ngapi, na ile ya mwisho ilikuwa ngapi?” La pili: “Kwa nini tunabadilisha kiasi?” Akisema ni kwa sababu umechoka tu, bila kipimo, una haki ya kusema kwa adabu, “Naomba tupime kwanza.” Uchovu Turkana una baba wengi. Kuna upungufu wa damu, malaria, kisukari, njaa, na hata joto lenyewe. Kuongeza dawa ya thairoidi kwa mtu ambaye TSH yake iko sawa hakumpi nguvu. Humpa mapigo ya moyo ya haraka, mikono kutetemeka, kukosa usingizi, na kwa miaka huila mifupa. Hapo tena joto hudanganya. Dawa ikizidi mtu hutoka jasho jingi, lakini nani Lodwar asiyetoka jasho? Basi angalia moyo, usingizi na uzito kabla ya jasho.

Kiasi hupatikana vipi? Kwa mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa, hesabu ya madaktari ni kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 60 hukaribia mikrogramu 100. Lakini hesabu hiyo si ya kila mtu. Mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo, huanzishwa na 12.5 au 25 na kupandishwa pole pole, kwani moyo uliozoea mwendo wa polepole ukikurupushwa huweza kuumia. Mwenye baba au mama mzee asimharakishe daktari hapo.

Na pawe na subira. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Nusu yake huhitaji takriban siku 7 kuondoka. Kwa sababu hiyo TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8 tangu kubadilisha kiasi, si baada ya wiki mbili. Anayepima mapema hupata namba ambayo haijatulia, kisha hubadilishiwa dawa kwa namba hiyo, na huanza kuyumba kama jahazi lisilo usukani. Faida yake nyingine ni kwamba kusahau siku moja si balaa. Ukikumbuka, meza.

Kuna kosa moja la karatasi ambalo ni lazima nilitaje. Wengine huandika mikrogramu 100, wengine huandika miligramu 0.1, na ni kitu kimoja. Vivyo hivyo mikrogramu 50 ni miligramu 0.05. Nukta ikifutika au sifuri ikiruka, mgonjwa huuziwa mara kumi ya anachohitaji au sehemu moja ya kumi. Kabla ya kuondoka dirishani, soma paketi na soma cheti, vilingane.

Paketi yenyewe pia ina maneno. Levothairoksini huharibiwa na joto, mwanga na unyevu, na paketi nyingi huagiza iwekwe mahali pasipozidi digrii 25. Chini ya bati la Kakuma hilo ni jambo gumu. Kidonge kilichopoteza nguvu hakibadiliki rangi wala ladha. Mgonjwa humeza, TSH hupanda, daktari huongeza dawa, halafu mgonjwa hununua paketi mpya iliyo nzima akiwa na kiasi kilichoongezwa, na moyo huanza kwenda mbio. Kwa hivyo TSH ikipanda ghafla, jambo la kwanza la kumweleza daktari ni dawa ilikaa wapi. Nunua iliyo katika karatasi yake ya kiwandani, usikubali vidonge vilivyohesabiwa na kutiwa kwenye bahasha ya kaki. Weka sehemu ya nyumba iliyo na ubaridi kuliko zote, mbali na jiko na dirisha, ndani ya kopo kavu lenye kifuniko. Na ninyi jamaa wa Mombasa, kifurushi kinachosafiri zaidi ya kilomita 1,000 juu ya dashibodi ya gari huenda kikafika kimekufa. Mpe msafiri akiweke ndani ya begi, katikati ya nguo.

Namna ya kumeza ni fupi: maji matupu, tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Sisi watu wa chai ya maziwa tunapata taabu hapa, na Turkana ambako maziwa ni chakula, taabu ni ile ile. Maziwa yana kalsiamu inayoshika dawa isiingie mwilini, na kahawa nayo huizuia. Dawa za tumbo kama omeprazoli pia hupunguza inayoingia, kwa hivyo daktari aambiwe. Aambiwe zaidi mgonjwa akianzishiwa tiba ya kifua kikuu, kwani rifampisini huifanya homoni iondoke mwilini haraka, na kiasi cha zamani huweza kuwa pungufu mpaka tiba hiyo imalizike.

Ndugu zetu Waislamu wa Lodwar na Kakuma huuliza kuhusu Ramadhani. Kidonge mchana kinafungua, lakini hakuna haja ya kufika huko, maana ni kimoja tu kwa siku. Ama kimezwe usiku wakati wa kulala, ikiwa saa tatu zimepita tangu kula, ama kimezwe mtu anapoamka kwa daku, asubiri nusu saa au zaidi, ndipo ale. Chagua wakati mmoja na uushike mwezi mzima.

Nisisahau mwani. Wakulima wa Kibuyuni kule Kwale wameupa mwani heshima yake, na sasa unasifiwa kuwa dawa ya kila kitu, thairoidi ikiwemo. Mwani una iodini, na ni kweli kwamba upungufu wa iodini huleta rovu. Lakini chumvi ya Kenya imekuwa ikitiwa iodini tangu miaka ya 1970, na utafiti uliochapishwa 2006 kuhusu wakimbizi walioishi muda mrefu katika kambi za Afrika ulikuta tatizo ni iodini iliyozidi, si iliyopungua. Iodini ikizidi nayo huilegeza tezi. Ukitumia unga wa mwani, usimfiche daktari.

Nimeacha mwisho lililo zito kuliko yote, nalo ni mimba. Miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni ya mama kwa ubongo wake kukua, na mama mwenye thairoidi iliyolegea huhitaji dawa zaidi, kama asilimia 25 hadi 30, tangu wiki za mwanzo kabisa. Kungoja kliniki ya mwezi wa tano ni kuchelewa. Anayetaka kuzaa azungumze na daktari kabla: “Hedhi ikikosa na kipimo kikionyesha mimba, nifanye nini siku hiyo hiyo?” Madaktari wengi huagiza vidonge viwili vya ziada kwa wiki, yaani 9 badala ya 7, mpaka mama afike hospitali. Kisha TSH hupimwa kila wiki 4 hivi mpaka nusu ya mimba. Ikiwa kipimo hakipatikani mlipo, ulizeni mapema sampuli inapelekwa wapi na majibu hurudi lini, kwa sababu mvua ikikata barabara ya Kitale wiki hupita.

Halafu kuna mtego. Kliniki ya wajawazito humpa kila mama vidonge vya kuongeza damu, na madini ya chuma yaliyomo hushika levothairoksini tumboni. Mama husema kwa furaha kwamba humeza vyote pamoja asubuhi ili asisahau, na dawa ya thairoidi huwa kama hakuimeza. Vitenganishwe kwa saa 4: cha thairoidi alfajiri, cha damu baada ya chakula cha mchana. Mama akishajifungua hurudi kwenye kiasi chake cha kabla ya mimba, na TSH hupimwa tena baada ya wiki 6. Kunyonyesha hakuzuii dawa hii.