Vitabu vya maisha ya watu mashuhuri: Mchekeshaji naye ana kisa chake

Msomaji anayefungua kitabu cha maisha ya mtu mashuhuri aghalabu hatafuti orodha ya vyeo wala tuzo, kwani hizo amekwisha kuzisikia redioni. Hutafuta yaliyotangulia: nyumba aliyozaliwa mhusika, njaa aliyoijua, mzazi aliyemlea na kosa alilolijutia. Kwa wakazi wa Nakuru na maeneo ya kati ya Bonde la Ufa, shauku hiyo ina sababu ya ziada. Baadhi ya vitabu vya aina hii vinavyofahamika sana nchini Kenya vinaanzia papo hapo, katika mashamba na vijiji vyao.

Hata hivyo, kuna kundi moja la watu mashuhuri ambalo halijaandikiwa vya kutosha, nalo ni wachekeshaji.

Wasifu na tawasifu

Maisha ya mtu yakisimuliwa na mwandishi mwingine huitwa wasifu. Mhusika akijisimulia mwenyewe, kazi hiyo huitwa tawasifu. Kumbukumbu ni tawasifu isiyodai kueleza maisha yote, bali huteua kipindi au visa vichache vyenye uzito.

Fani hizi si ngeni katika Kiswahili. Shaaban Robert aliandika zote mbili: alisimulia maisha yake mwenyewe, na pia akaandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Siti alitoka katika familia maskini ya wafinyanzi, akauza vyungu, kisha sauti yake ikamfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Wasifu huo ni ushahidi kwamba maisha ya msanii aliyewaburudisha watu yanastahili kalamu ya mwandishi mkubwa, sawa na maisha ya mtawala.

Bonde la Ufa vitabuni

Josiah Mwangi Kariuki, aliyejulikana zaidi kama JM, alizaliwa mwaka 1929 huko Kabati-ini, karibu na Nakuru. Kitabu chake, Mau Mau Detainee, kilichapishwa mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru. Humo anaeleza kizuizi chake cha kuanzia 1953 hadi 1960, akihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine. JM aliuawa Machi 1975. Kwa sababu hiyo msomaji wa leo hukisoma kitabu hicho akijua mwisho ambao mwandishi hakuujua.

Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, alizaliwa Ihithe, Nyeri, lakini sehemu ya utoto wake aliishi katika shamba la mlowezi karibu na Nakuru, ambako babake alikuwa mfanyakazi. Katika tawasifu yake, Unbowed, iliyotoka mwaka 2006, anayakumbuka maisha ya shambani kabla ya kurudi Nyeri, ambako alianza shule. Wapo wazee wengi wa Nakuru ambao wazazi wao waliishi maisha hayo hayo bila mtu kuyaandika.

Cha tatu ni wasifu wa Daniel arap Moi, rais wa pili wa Kenya, aliyezaliwa Sacho, Baringo, mwaka 1924 na kuzikwa Kabarak, nje kidogo ya Nakuru, Februari 2020. Uliandikwa na Andrew Morton, Mwingereza aliyepata umaarufu mwaka 1992 kwa kitabu kuhusu Binti Mfalme Diana. Wasifu wa Moi ulitoka mwaka 1998, mhusika akiwa bado madarakani, na wakosoaji wengi waliona kuwa ulimpendelea mno.

Siku zile zile Moi alikuwa akisimuliwa kwa njia nyingine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu waliotoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, John Kiarie, Tony Njuguna na Walter Mong'are, walianzisha kundi la Redykyulass. Mong'are, maarufu kama Nyambane, aliigiza sauti na mwendo wa rais katika televisheni, jambo ambalo miaka michache tu kabla lingekuwa la hatari. Anayetaka kuelewa zama zile angefaa kuvisoma na kuvitazama vyote viwili, kitabu na kichekesho, kwa kuwa kila kimoja kinasema kile ambacho kingine kimekinyamazia.

Mchekeshaji aliyejiandika

Miongoni mwa kumbukumbu za wachekeshaji, kitabu kilichopata wapenzi wengi Afrika Mashariki ni Born a Crime cha Trevor Noah, kilichochapishwa Novemba 2016. Ni miongoni mwa vile ambavyo hata wachuuzi wa vitabu mitaani katika miji ya Kenya huvipanga mbele.

Noah alizaliwa Johannesburg mwaka 1984, mama akiwa Mxhosa na baba Mswisi, wakati sheria za Afrika Kusini ziliharamisha uhusiano wa namna hiyo. Kuzaliwa kwake kulikuwa ushahidi wa kosa, na ndiyo maana ya jina la kitabu. Anasimulia alivyojifunza lugha nyingi ili akubalike katika kila kundi, alivyouza santuri za kunakiliwa, na jinsi mamake, Patricia, alivyopigwa risasi mwaka 2009 na aliyekuwa mumewe akanusurika.

Siri ya kupendwa kwake ni kwamba mcheshi hakuwahadaa wasomaji kwa mzaha mtupu. Kicheko kimo, lakini kimekaa juu ya jeraha. Kwa kweli mhusika mkuu si Noah bali ni mamake, mwanamke mcha Mungu na mkaidi, ambaye hata kitandani hospitalini anamtania mwanawe.

Wachekeshaji wa nyumbani

Kwa miongo mingi, familia za Nakuru, Njoro, Molo na Naivasha zilikusanyika mbele ya televisheni kutazama Vitimbi na Vioja Mahakamani. Kinara wa Vitimbi alikuwa Mzee Ojwang' Hatari. Wengi walimdhania kuwa Mjaluo kwa jina na matamshi yake, kumbe alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Katika miaka yake ya mwisho alisumbuliwa na macho, na wahisani wakachanga fedha za matibabu. Alifariki Julai 2015.

Jambo hilo lina uzito wa pekee katika eneo hili. Januari 2008, Nakuru na Naivasha zilikumbwa na mauaji yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na watu waliulizwa majina na lugha zao kabla ya kushambuliwa. Mtu aliyeishi nusu ya maisha yake ndani ya jina na lafudhi ya jamii nyingine, akapendwa na zote mbili, alikuwa na mengi ya kueleza kuhusu namna Wakenya wanavyosikilizana na wanavyodhihakiana. Alijifunza wapi lafudhi ile? Ni nani aliyekasirika, na ni nani aliyecheka kwanza? Maswali kama hayo hayajibiwi na taarifa fupi ya tanzia. Hujibiwa na kitabu.

Jinsi ya kuvisoma

Msomaji makini hujiuliza mambo matatu. Kwanza, ni nani aliyeshika kalamu, mhusika mwenyewe au mwandishi aliyepewa idhini? Mwenye idhini hufunguliwa milango mingi, lakini hulazimika kuvumilia mengi pia. Pili, kitabu kilitoka lini, mhusika akiwa na mamlaka au akiwa ameyaacha? Tatu, ni nani asiyesikika: mke, mfanyakazi, mpinzani?

Kwa anayeanza, maktaba ya umma ya Nakuru na maktaba za vyuo vikuu vya Egerton, Njoro, na Kabarak ni mahali pazuri pa kuulizia vitabu hivi.

Kuhusu wachekeshaji, dawa ni kuwahoji wangali hai. JM na Maathai waliandika wenyewe kabla mauti hayajawafika, na Noah hakungoja uzee. Aliyewachekesha watu miaka thelathini amebeba historia ya nchi kichwani mwake. Asiposimulia, wala asipopatikana wa kumwandikia, watakaobaki na kicheko hawatamjua aliyekileta.