Ribiti 19,000 za Ndege Isiyoruka

Katika Makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza, eneo la Hendon jijini London, iliwekwa ndege ya kivita aina ya Spitfire ndani ya kabati la kioo. Ukubwa wake ni sehemu moja tu ya tano ya ndege halisi. Haikupakwa rangi. Ukiisogelea, vichwa vya ribiti vinaonekana vimejipanga mstari kwa mstari, kama tarizi kwenye shingo ya kanzu. Muundaji wake, David Glen, aliifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 11, na mwenyewe alikadiria kwamba ribiti zake hazipungui 19,000.

Wapo watakaouona huu kuwa mchezo tu. Lakini kabla binadamu hajapanda ndege yenye injini, ndege ndogo kama hizi ndizo zilizotangulia angani, na zilitoka mikononi mwa mafundi wa aina hii.

Mwaka 1848, katika mji mdogo wa Chard, kusini-magharibi mwa Uingereza, John Stringfellow aliingiza ndege yake ya mfano katika kiwanda cha lesi kilichokuwa kimeachwa, ili upepo wa nje usiisumbue. Mabawa yalikuwa na upana wa takriban mita 3, na injini ya mvuke aliiunda mwenyewe. Stringfellow alikuwa fundi wa mashine za kufuma lesi. Mikono iliyozoea vyuma vyembamba vya mashine hizo ndiyo iliyoweza kutengeneza tangi la mvuke la shaba nyepesi kiasi cha kubebwa na mabawa. Inasimuliwa kuwa ndege hiyo iliteleza juu ya waya, ikauacha, ikaenda kwa nguvu zake yenyewe. Leo mji wa Chard umeisimamishia sanamu ya shaba.

Tarehe 18 Agosti 1871, Mfaransa Alphonse Pénaud, kijana wa miaka 21, alirusha ndege yake katika bustani ya Tuileries, Paris. Rafadha ilizungushwa na mpira uliosokotwa, na kwa sekunde 11 ndege ikaenda kama mita 40. Miaka saba baadaye, huko Marekani, baba mmoja aliwaletea wanawe wawili kichezeo kinachoruka kilichofuata ubunifu wa Pénaud. Watoto hao walikuwa Wilbur na Orville Wright, waliokuja kuruka kwa ndege yenye injini.

Ndege halisi zilipojaa angani, kazi ya ndege za mfano ikabadilika. Miaka ya 1930, Waingereza walianza kununua vifurushi vya Skybirds: vipande vya mbao vya kuchonga na kupiga msasa, pamoja na rafadha, injini na magurudumu madogo ya chuma. Kipimo chake kilikuwa 1 kwa 72, yaani mtu wa futi 6 anakuwa na urefu wa inchi 1 kamili. Mwaka 1936 kampuni ya Frog ikaleta ndege za plastiki kwa kipimo hichohicho.

Kipimo hicho kikaingia vitani. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa sekondari wachonge ndege za mbao 500,000, za nchi rafiki na za adui. Hesabu yake ni nyepesi: ukisimama mita 10 kutoka ndege iliyopunguzwa mara 72, unaiona kama ndege halisi iliyo umbali wa mita 720. Askari walijifunza kutambua umbo kwa kulitupia jicho tu, kwa sababu aliyekosea angeweza kumtungua mwenzake.

Baada ya vita, plastiki ilitawala. Sehemu zilitoka kiwandani tayari, zikabaki gundi na rangi. Walioendelea kukata na kukunja bati kwa mkono walifanya hivyo kwa hiari yao.

Glen ni wa kundi hilo. Ngozi ya Spitfire yake ni bamba jembamba la alumini, aina ileile inayotumika kuchapia magazeti, lililobandikwa juu ya mbao laini ya balsa. Ribiti nyingi zinashikilia bati kwelikweli. Ili asikosee, alisoma michoro ya Supermarine, kiwanda kilichobuni Spitfire, na vitabu vya mafundi, akapiga picha za ndege halisi katika uwanja wa ndege wa Duxford alikokuwa akijitolea. Fundi bati wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, angeielewa kazi hii bila mkalimani: pima, kata, kunja, rudia.

Spitfire zaidi ya 20,000 ziliundwa, na baada ya vita nyingi zilivunjwa zikawa vyuma chakavu. Marubani wake wametungiwa vitabu na filamu. Wafanyakazi wa kiwandani waliogonga ribiti zake hawakukumbukwa hivyo. Ndiyo maana bati lile la Glen lililoachwa wazi lina uzito kwangu. Rangi ingefunika kazi yao.