Kalisi Si Kila Chokaa

Mayai ya kuku wa uani yakianza kutoka na ganda laini, jirani yeyote atakwambia kuku wamekosa chokaa. Mara nyingi atakuwa amesema kweli. Madini yenyewe ni kalisi, au kalsiamu kama wengi wanavyoandika, na Humphry Davy alipoyatenga mwaka 1808 aliyapa jina kutokana na calx, neno la Kilatini la chokaa.

Ila chokaa yetu ni zaidi ya kitu kimoja, na hapo kuku huponzwa. Jiwe la chokaa, makombe ya pwani na matumbawe yaliyojengea Lamu na Kilwa, yote hayo ni kalsiamu kabonati. Ukiyachoma tanurini unapata chokaa kali inayochemka ikitiwa maji, kisha inakuwa ile nyeupe ya kupaka ukutani. Hiyo huunguza ngozi na macho ya fundi, sembuse koo la kuku! Isilishwe kabisa. Cha kulisha ni jiwe la chokaa lisilochomwa, au makombe, yakiwa yamepondwa. Ndiyo maana napendelea tuseme kalisi tunapotaja madini, na chokaa ya kulishia tunapotaja kinachowekwa chomboni.

Ganda moja la yai lina takriban gramu 2 za kalisi. Mtagaji hulitengeneza kwa muda wa kama saa 20, sehemu kubwa ikiwa usiku, akiwa kwenye kichanja na hali chochote. Chokaa ya unga hupita upesi tumboni. Vipande vyenye ukubwa wa punje ya mchele hukaa kwenye firigisi vikiyeyuka polepole, kwa hiyo vikiliwa jioni hufaa hasa. Akikosa, mwili huchota kalisi kwenye mifupa ya miguu yake, na kuku huyo ataendelea kutaga huku akidhoofika.

Katika kundi la mchanganyiko mahitaji hayafanani. Kuku wa kienyeji hutaga kumi na kitu, kisha huatamia. Mwenzake wa kisasa hukaribia kutaga kila siku. Wapo pia majogoo na mitetea ambao hawajaanza. Chakula cha watagaji huwa na kalisi ya asilimia 3.5 hadi 4, ilhali kuku wanaokua wanahitaji kama asilimia 1, na wakilishwa kile cha watagaji kwa muda mrefu figo zao huharibika. Ukiwa na banda moja, wape wote chakula cha kuku wanaokua, kisha weka vipande vya makombe katika chombo cha pembeni. Anayetaga atavifuata mwenyewe, kwa kuwa mwili wake humtamanisha kalisi; jogoo atadonoa kidogo na kuondoka.

Nanyi wauza vyakula vya mifugo, msiandike "chokaa" tupu kwenye kiroba. Andikeni ni ya kulishia, na ina kalisi kiasi gani.