Pampu, bomba na mdomo: historia ya kufyonza uchafu kwenye mazulia

Mashine ya kufyonza husafisha zulia kwa hewa inayopita kasi katikati ya manyoya yake. Feni au pampu hupunguza shinikizo ndani ya bomba, hewa ya nje hukimbilia humo, na ikipita huzoa vumbi au maji machafu. Mafundi wa kazi hii hupima vitu viwili. Cha kwanza ni nguvu ya kuvuta, inayohesabiwa kwa inchi za maji ambazo mashine inaweza kuzipandisha katika mrija uliosimama wima. Cha pili ni wingi wa hewa, unaohesabiwa kwa futi za ujazo kwa dakika. Viwili hivi hupingana: mdomo wa bomba ukizibwa kabisa, nguvu ya kuvuta hufika kilele lakini hewa haipiti, ukiachwa wazi, hewa hupita kwa wingi lakini mvuto huwa hafifu. Usafi hupatikana kati ya ncha hizo mbili, na mahali hasa huamuliwa na pampu, na urefu na upana wa bomba, na kifaa kinachogusa zulia. Historia ya mashine hizi ni ya mafundi waliohangaika na mambo hayo matatu, na mara nyingi aliyerekebisha kifaa cha mbele alimpita aliyeongeza nguvu ya pampu.

Kabla ya mota

Katika nyumba za Ulaya na Marekani za karne ya 19, zulia lilisafishwa kwa kung'olewa sakafuni, kutolewa nje, kuanikwa juu ya kamba na kupigwa kwa fimbo. Kazi hiyo ilichosha na ilikuwa ya msimu. Siku nyingine zote ufagio ulihamisha vumbi kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine.

Majaribio ya kutumia hewa yalianza Marekani. Mwaka 1860 Daniel Hess wa jimbo la Iowa alipata hataza ya mashine yenye brashi ya kuzunguka na mivukuto iliyovuta hewa na kuipitisha kwenye vyumba vya maji ili vumbi libaki humo. Mwaka 1869 Ives McGaffey wa Chicago alipata hataza ya kifaa kilichosimama wima, chenye feni iliyozungushwa kwa mkono. Ugumu wake ulikuwa dhahiri: mtu huyohuyo alipaswa kusukuma mashine na kuzungusha mpini kwa wakati mmoja, na mkono wa binadamu hauwezi kuizungusha feni kwa kasi inayotosha kung'oa mchanga ulioshikwa na manyoya.

Aliyefanikiwa sokoni hakutumia mvuto hata kidogo. Melville Bissell, aliyekuwa na duka la vyombo huko Grand Rapids, Michigan, alipata hataza mwaka 1876 ya kifagio cha magurudumu: magurudumu yalizungusha brashi, na brashi ikarushia takataka ndani ya sanduku. Alipofariki mwaka 1889, mkewe Anna aliongoza kampuni hiyo na kuikuza. Brashi iliyogusa zulia vizuri ilikuwa imeishinda feni dhaifu.

Kupuliza au kuvuta

Mwishoni mwa karne hiyo injini za petroli zilileta nguvu ambayo mkono haukuwa nayo, lakini wa kwanza kuzitumia walielekeza hewa upande usiofaa. John Thurman wa St. Louis alipata hataza mwaka 1899 ya mashine iliyokokotwa na farasi, ambayo ilipulizia zulia hewa iliyoshindiliwa ili vumbi liruke na kuangukia kwenye chombo. Sehemu ya vumbi iliangukia humo kweli; iliyobaki ilitua tena chumbani.

Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth, aliyezoea kusanifu madaraja na magurudumu makubwa ya viwanja vya burudani, alitazama jijini London maonyesho ya mashine ya kupuliza ya namna hiyo. Aliona kwamba hewa ingefaa zaidi ikivutwa na kupitishwa kwenye chujio. Ili kulijaribu wazo lake, aliweka mdomo kwenye kitambaa cha kiti katika mkahawa wa mtaa wa Victoria, akavuta pumzi, na nusura vumbi limpalie. Mwaka huohuo alipata hataza yake.

Mashine ya Booth ilikuwa kubwa mno kuingia nyumbani. Pampu ya pistoni na injini yake zilikaa juu ya gari la farasi lililoegeshwa barabarani, na mabomba marefu ya mpira yakapitishwa madirishani hadi vyumbani. Kelele zake ziliwashtua farasi waliopita njiani, na kampuni ilifikishwa mahakamani kwa sababu hiyo. Hata hivyo ilipata wateja wakubwa: mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya kanisa la Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Booth hakuuza mashine kwa kila nyumba, aliuza huduma. Wafanyakazi wenye sare walifika, wakasafisha, wakalipwa na kuondoka. Biashara ya leo ya kusafisha mazulia majumbani na maofisini ilichukua sura yake hapo, pamoja na tatizo lake kuu, yaani umbali kati ya pampu na zulia.

Bomba ndani ya kuta

Kila futi ya bomba hula sehemu ya mvuto, kwa kuwa hewa husuguana na kuta za bomba na hupoteza nguvu kila inapokunja kona. David Kenney, fundi bomba wa New Jersey, alilishughulikia tatizo hilo kwa kulifanya bomba liwe sehemu ya jengo. Mwaka 1902 mtambo wake uliwekwa katika jengo la Frick mjini Pittsburgh: pampu ilikaa chini, mabomba ya chuma yakapanda ghorofani, na msafishaji akachomeka mpira mfupi mahali alipofanyia kazi.

Mitambo ya aina hiyo ilipoenea mahotelini na maofisini, wahandisi waligawanyika. Baadhi walitetea mvuto mkali wenye hewa kidogo, wengine hewa nyingi yenye mvuto wa wastani. Kitabu cha M. S. Cooley kuhusu mitambo ya kufyonza, kilichotolewa mwaka 1913, kiliupima mjadala huo kwa utaratibu wenye mantiki: baada ya utangulizi kilianza na kifaa cha kusafishia zulia, kikaendelea na mkono wake, mpira, mabomba na vitenga vumbi, na mwishowe kikaifikia pampu. Pampu inayofaa haiwezi kuchaguliwa kabla ya kujulikana ni hewa kiasi gani mdomo wa mbele unaihitaji. Tundu jembamba hukaza mwendo wa hewa na kung'oa vumbi lililozama, lakini hung'ang'ania zulia na kuacha takataka kubwa. Tundu pana huzoa takataka hizo, ila hudai hewa nyingi zaidi ili kasi isipungue.

Mota juu ya zulia

James Murray Spangler aliuondoa umbali kati ya pampu na zulia. Alikuwa mfagizi katika duka kubwa mjini Canton, Ohio, na vumbi lilimzidishia ugonjwa wa pumu. Aliunganisha mota ya feni, brashi ya kuzunguka, mpini wa ufagio na foronya ya kukusanyia vumbi, na mwaka 1908 akapata hataza. Haki zake zilinunuliwa na jamaa wa ndoa, William Hoover, mtengenezaji wa bidhaa za ngozi, ambaye jina lake likawa jina la mashine yenyewe katika Uingereza nzima.

Mota ya Spangler ilikuwa dhaifu ikilinganishwa na injini ya Booth. Ilifaulu kwa sababu ilikaa karibu sana na manyoya, na kwa sababu brashi ililegeza mchanga kabla hewa haijaufikia. Mwaka 1926 kampuni ya Hoover iliongeza pau za chuma kwenye rola ya brashi. Pau hizo zilikung'uta zulia huku hewa ikiliinua. Nchini Sweden kampuni ya Electrolux ilichukua njia nyingine mwaka 1921 kwa Model V, silinda iliyoteleza sakafuni ikifuatwa na mpira na vifaa vya kubadilisha: kimoja cha sakafu tupu, kingine cha viti, kingine cha nyufa. Tangu wakati huo mnunuzi alichagua zana pamoja na mashine.

Maji yanaingia kazini

Baada ya Vita Kuu ya Pili, zulia lenyewe lilibadilika. Mji wa Dalton, Georgia, uliokuwa na sifa ya mashuka ya nyuzi za kuchomekwa kwa mkono, ufundi uliofufuliwa na Catherine Evans mwaka 1895, uligeuza mashine zake zitengeneze mazulia, na nailoni ikayafanya yawe ya bei nafuu. Zulia la kufunika chumba kizima, lililogandishwa sakafuni, halikuweza tena kutolewa nje. Ilibidi lioshwe palepale.

Njia ya awali ilikuwa kusugua shampuu kwa brashi kubwa ya mviringo. Povu lilitoa uchafu juu, lakini sabuni iliyobaki ilinata na kuvuta uchafu mpya upesi. Katika miaka ya 1960 na 1970 ilienea njia iliyomfaa zaidi mtaalamu: maji ya moto yenye dawa hunyunyiziwa kwa msukumo ndani ya manyoya, na mdomo ulio sentimita chache nyuma ya nozeli huyafyonza papo hapo. Ufyonzaji ukawa na kazi mbili, kutoa uchafu na kukausha. Maji yakibaki, zulia hunuka, huota ukungu, na zulia la sufi au lenye mgongo wa juti huweza kusinyaa au kupata madoa ya kahawia.

Mzigo wa maji ni mzito kuliko wa vumbi, kwa hiyo mashine za kubebeka zilihitaji mvuto mkubwa zaidi. Watengenezaji walifunga mota zenye feni mbili au tatu zilizopangwa mfululizo, kila moja ikipokea hewa iliyotoka kwa mwenzake na kuongeza nguvu. Mota mbili nazo zingeweza kufungwa kwa namna mbili. Zikipangwa sambamba, kila moja ikivuta kutoka kwenye tangi, huongeza wingi wa hewa; zikifuatana, huongeza nguvu ya kuvuta. Mpangilio wa kwanza hufaa mpira mfupi na mpana, wa pili hufaa mpira mrefu au zulia zito lililolowa. Mpaka wa mwisho huwekwa na maumbile: uzito wa hewa ya dunia, usawa wa bahari, unaweza kupandisha maji takriban inchi 407 tu, na hakuna pampu iwezayo kuzidi hapo.

Mashine za kufungwa ndani ya gari, zilizoshika soko la Marekani kuanzia miaka ya 1970, zilirudisha mpangilio wa Booth: injini hubaki barabarani na mpira huingia nyumbani. Pampu ya mashine hizo ilikuwa na asili ya zamani zaidi. Ndugu Philander na Francis Roots wa Connersville, Indiana, waliotaka kuboresha gurudumu la maji la kiwanda chao cha sufi, walipata hataza mwaka 1860 ya chombo chenye rota mbili zinazozunguka bila kugusana, ambacho kikatumika kupuliza hewa kwenye tanuru za chuma. Kikigeuzwa kivute, huhamisha kiasi kilekile cha hewa kila mzunguko hata bomba linapokuwa na ukinzani, na ndiyo sababu hustahimili mpira wa futi 100 au zaidi. Joto la injini, ambalo lingepotea bure, hutumika kupasha maji moto.

Kuongeza mvuto bila kubadili pampu

Uzoefu wa miongo hiyo ulionyesha kwamba mvuto mwingi hupotea njiani. Mpira wa kipenyo cha inchi 2 una eneo la ndani linalozidi la mpira wa inchi 1.5 kwa karibu asilimia 78, na tofauti hiyo huonekana upesi kadiri mpira unavyorefuka. Kona kali hupunguza mwendo kuliko pindo la taratibu. Gasketi ya kifuniko cha tangi iliyochakaa huingiza hewa ambayo mota huivuta bila hewa hiyo kupita kwenye zulia. Chujio lililoziba, boya la tangi lililokwama na povu linaloelekea kwenye mota hutoa dalili moja, yaani zulia kubaki na maji. Kwa hiyo fundi huanza ukaguzi kwenye mdomo, akafuata mpira na tangi, na mota huifikia mwisho.

Zana za mbele nazo zilifanyiwa kazi. Mkono wa chuma wenye mdomo wa inchi 12 au zaidi ndio chombo cha kawaida cha vyumba vipana. Mdomo ukipanuliwa bila hewa kuongezwa, kila inchi hupata mvuto mdogo zaidi. Vipande laini vya plastiki yenye Teflon, vyenye matundu au mifereji, vilianza kuvikwa kwenye midomo hiyo: hupunguza msuguano, hupitisha hewa hata mdomo unapobanwa, na humpunguzia msafishaji uchovu wa mgongo. Zana zenye vichwa vya kuzunguka huyafikia manyoya kutoka pande zote na kufaa mazulia yaliyolala kwa kukanyagwa sana. Kwa viti na ngazi hutumika kifaa cha inchi nne hivi chenye unyunyizaji mdogo. Nozeli nazo huchaguliwa kulingana na pampu ya maji na uwezo wa kufyonza, maana maji yanayoingia kwa kasi kuliko yanavyotoka hubaki zuliani. Kila mkupuo wa kunyunyiza hufuatwa na mkupuo mmoja au zaidi wa kufyonza tu.

Kupima kilichotoka

Kwa muda mrefu mashine ziliuzwa kwa ukubwa wa mota. Umoja wa Ulaya uliikatisha hoja hiyo kwa mashine za nyumbani za kufyonza vumbi: kuanzia Septemba 2014 mota zilizozidi wati 1,600 hazikuruhusiwa kuingia sokoni, na kuanzia Septemba 2017 kikomo kikashushwa hadi wati 900. Watengenezaji walilazimika kuutafuta usafi kwenye njia za hewa, vichwa na brashi. Nchini Marekani, taasisi ya wenye viwanda vya mazulia iliyoko Dalton ilianzisha vipimo vinavyotumia mionzi ya eksirei kulinganisha uchafu uliomo zuliani kabla na baada ya kusafishwa. Katika vipimo hivyo mashine hupewa alama kwa uchafu uliotoka, na mota, bomba na mdomo huhukumiwa kwa pamoja.