Betri ya Hornsdale: kejeli ilivyogeuka somo Australia

Alasiri ya Septemba 28, 2016, jimbo zima la Australia Kusini liliingia gizani. Dhoruba ilikuwa imeangusha minara zaidi ya 20 ya umeme wa msongo mkubwa. Umeme ulipoyumba mara kadhaa mfululizo, vifaa vya kinga katika mashamba ya upepo vilipunguza uzalishaji kwa megawati 456 ndani ya sekunde chache. Njia ya umeme kutoka jimbo jirani la Victoria ikazidiwa na mzigo, nayo ikajikata. Watu milioni 1.7 hivi wakakosa umeme.

Lawama hazikukawia. Mei mwaka huohuo kituo cha mwisho cha makaa ya mawe jimboni, kule Port Augusta, kilikuwa kimefungwa, na wapinzani wa nishati jadidifu wakaubebesha upepo msalaba wote. Februari 2017, Waziri wa Hazina Scott Morrison aliingia bungeni na bonge la makaa mkononi, akawaambia wabunge wasiliogope.

Mwezi uliofuata, mfanyabiashara Mike Cannon-Brookes alimuuliza Elon Musk wa Tesla kupitia Twitter kama betri zake zingeweza kweli kulimaliza tatizo hilo. Musk akajibu kwamba kazi itakamilika ndani ya siku 100 tangu mkataba kutiwa saini, la sivyo betri ni ya bure. Serikali ya jimbo, chini ya Jay Weatherill, ikatangaza zabuni. Ilipofika Julai, washindi walikuwa Tesla na Neoen ya Ufaransa, kampuni yenye shamba la upepo la Hornsdale karibu na mji wa Jamestown. Morrison akaifananisha betri hiyo na masanamu makubwa ya ndizi na ya kamba yaliyo barabarani, ambayo watalii hupenda kuyapiga picha.

Betri ilianza kazi Desemba 1, 2017, kabla siku 100 hazijatimia. Uwezo wake ulikuwa megawati 100, na akiba megawati-saa 129. Ikitoa nguvu zote, inaisha baada ya saa moja na robo hivi. Wenye kejeli walipata cha kusema: saa moja itasaidia nini?

Jibu lilikuja usiku wa kuamkia Desemba 14. Mtambo wa makaa wa Loy Yang, Victoria, ulizimika ghafla na megawati 560 zikapotea. Gridi ya Australia, kama zetu za Afrika Mashariki, huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Uzalishaji ukipungua ghafla, mizunguko hushuka, na ikishuka mno, wateja hukatiwa umeme. Usiku huo ilishuka chini ya 49.8. Hornsdale, iliyo mamia ya kilomita kutoka hapo, iliingiza megawati 7.3 papo hapo, kabla mitambo iliyokuwa na zamu ya kuokoa gridi haijaitikia.

Kiasi kilikuwa kidogo, lakini kasi ilikuwa habari mpya. Injini na mitambo ya mvuke huhitaji sekunde kadhaa kuongeza nguvu, ilhali betri huitikia ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Tathmini ya kampuni ya ushauri ya Aurecon ilikadiria kwamba mwaka wa kwanza betri iliokoa karibu dola milioni 40 za Australia katika gharama za kutuliza gridi. Mwaka 2020 ikapanuliwa hadi megawati 150.

Betri haizalishi hata wati moja. Huhifadhi tu kilichozalishwa na wengine. Kwa hiyo wanaopanga umeme wa upepo na jua hapa kwetu wasiishie kuuliza betri itadumu saa ngapi. Waulize pia itaitikia kwa kasi gani gridi ikitetereka, na waiweke kwenye mpango kabla ya giza, si baada yake.