Maigizo shirikishi: Sifa azitafutazo mwezeshaji kwa mchezaji

Aghalabu watu hudhani kwamba mwigizaji bora ni yule mwenye sauti nzito na ulimi usiokwama. Katika maigizo shirikishi, sifa hizo huja nyuma. Anayeongoza mchezo humthamini kwanza mchezaji anayejua kusikiliza.

Maigizo ya aina hii yana historia ndefu nchini Kenya. Miongoni mwa walioyatafiti ni Profesa Christopher Joseph Odhiambo wa Chuo Kikuu cha Moi, chenye makao yake makuu Kesses karibu na Eldoret. Kitabu chake kuhusu maigizo ya maendeleo nchini kilichapishwa mwaka wa 2008.

Utaratibu wake

Kikundi huigiza kisa kifupi kinachohusu tatizo la mahali, kwa mfano mgogoro wa shamba au rushwa. Kisa huishia vibaya. Kisha huanzishwa upya, na mtazamaji yeyote anaruhusiwa kukisimamisha, apande jukwaani na kushika nafasi ya mhusika aliyedhulumiwa ili ajaribu njia nyingine. Wachezaji wengine humjibu papo hapo bila maandishi. Mwezeshaji huchunga sheria, huuliza maswali, wala haegemei upande wowote.

Mpangilio huu unafanana na ule wa michezo ya kuigiza mezani iliyoenea kutoka Marekani baada ya Gary Gygax na Dave Arneson kutoa Dungeons & Dragons mwaka wa 1974. Humo pia mmoja huendesha kisa na wengine hushika nafasi za wahusika, wala hakuna ajuaye mwisho.

Chimbuko

Mwasisi wa mtindo huu wa jukwaani ni Augusto Boal wa Brazili (1931-2009). Kwa mujibu wa maelezo yake, akiwa nchini Peru mwaka wa 1973, mwanamke mmoja katika hadhira hakuridhika na jinsi waigizaji walivyotekeleza ushauri wake. Boal alimwalika apande jukwaani aonyeshe mwenyewe. Tangu hapo mtazamaji akawa mtendaji.

Nchini Kenya, wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, walishiriki mwaka wa 1977 kuirekebisha Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Serikali iliyapiga marufuku maonyesho hayo mwaka huohuo.

Mchezaji anayethaminiwa

Sifa ya kwanza ni usikivu. Mtazamaji aliyepanda jukwaani huleta maneno ambayo hakuna aliyeyatarajia. Mchezaji aliyekariri majibu yake humwacha mgeni huyo akining'inia, ilhali msikivu huyachukua maneno hayo na kuyajengea kisa.

Ya pili ni kuheshimu sheria hata zinapomwumiza. Jambo hili si geni kwa waliolelewa na vitendawili: anayeshindwa kutegua humpa mtegaji mji, ndipo apewe jibu. Anayekataa kuutoa mji huuvunja mchezo wa wote.

Ya tatu ni uaminifu kwa nafasi aliyopewa. Anayeigiza chifu mla rushwa hana budi kushikilia msimamo wake kama chifu wa aina hiyo ambavyo angefanya. Akilegea upesi, hadhira itaondoka ikiamini kwamba ombi moja la upole linatosha. Akiwa mkaidi kupita kiasi, ataua matumaini. Hali kadhalika, mtazamaji anayemfanya mhusika wake aokote fedha njiani hajatatua lolote. Boal aliliita suluhisho la namna hiyo uchawi, na kazi ya mwezeshaji ni kuwauliza watu kama wanaliamini.

Ya nne ni kuwaachia wengine nafasi. Mchezaji hodari anayejaza kila kimya kwa mzaha huwafurahisha watu, lakini humnyamazisha mama aliyekuwa akikusanya ujasiri wa kuinuka.

Umuhimu wake Eldoret

Katika jiji la Eldoret, sifa hizi si mapambo ya sanaa tu. Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa Desemba 30, 2007, viunga vyake vilikumbwa na ghasia za kikabila. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa liliteketezwa na baadhi ya waliojihifadhi humo wakauawa, wakiwemo wanawake na watoto. Kisa cha shamba kikiigizwa mbele ya majirani wa eneo kama hilo, huenda walioketi upande mmoja walipoteza jamaa na wa upande wa pili wakatajwa kuwa wahalifu.

Hapo kosa dogo la mchezaji lina gharama. Akiiga lafudhi ya jamii nyingine kwa kejeli ili watu wacheke, waliochekwa hawatapanda jukwaani, na mazungumzo yaliyokusudiwa yatakuwa yamekufa. Lakini akiisema hofu ya mhusika kwa uzito ambao mwenye hofu hiyo angeutambua, jirani aliyenyamaza kwa miaka anaweza kuinua mkono.

Ndiyo maana mwezeshaji mzoefu hawapimi wachezaji wapya kwa kuwasikia wakisema tu. Huwatazama pia wakati wenzao wanaposema: nani anafuata kila neno, na nani anangoja tu zamu yake.