Habari za Biskuti na Kopo Lake

Katika mwaka wetu wa kwanza wa kufundisha, katika kijiji kimoja cha pwani ya Ziwa Nyasa, kusini ya Liuli, tulipata hasara ambayo hata leo yatutia haya kuisimulia. Tuliweka madaftari ya mahudhurio na vitabu vya kusomea katika sanduku la mbao, tukalifunga kwa kufuli, tukapanda milimani kwetu Mbinga kuwaamkia wazazi wakati wa likizo. Tuliporudi, kufuli ilikuwa nzima kabisa. Lakini tulipofunua kifuniko tuliona udongo. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka chini ya sakafu, wakala mbao, kisha wakala vitabu, wakatuachia majalada tu, nayo si yote.

Mzee mmoja, aliyekuwa mwalimu wa dini miaka ya zamani, akaja kutupa pole. Tukamwamkia, akaketi, akatazama lile sanduku kwa kitambo. Akasema, "Mwalimu, karatasi haiwekwi katika mti. Mti na karatasi ni ndugu, na mchwa hujua hivyo." Akatuita nyumbani kwake, akatoa chini ya kitanda kopo la bati, la pembe nne, ambalo rangi yake imefifia hata picha haitambulikani tena. Ndani yake mlikuwa na cheti cha ubatizo cha marehemu baba yake, na senti za zamani zenye tundu katikati, na Kitabu cha Chinyanja katika ile tafsiri ya Padre W. P. Johnson, yule aliyezunguka pwani hii miaka mingi, akafa Liuli mwaka 1928, na kaburi lake liko huko. Kitabu hakikuwa na tundu hata moja. Juu ya kifuniko maneno mawili tu yalisomeka: Huntley & Palmers.

Tukauliza, "Babu, hili ni kopo la nini?" Akajibu, "La biskuti." Basi tangu siku ile tulianza kutafuta habari za kopo hilo, na leo twapenda kuwapasha ninyi yale tuliyoyapata.

Kwanza, biskuti yenyewe. Asili ya jina ni maneno ya Kilatini yenye maana ya kitu kilichookwa mara mbili. Mkate hukaa siku chache, kisha huota ukungu, kwa sababu ndani yake mna maji. Mabaharia wa zamani wa Ulaya walijua kwamba mkate ukikaushwa kabisa waweza kukaa miezi mingi katika merikebu. Nasi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa sana jambo hili, maana kila mama anayeanika usipa juu ya mchanga anafanya kazi ile ile: aondoa maji ili uozo usipate mahali. Lakini kila mmoja wetu anajua pia kwamba usipa mkavu ukinyeshewa usiku mmoja umeharibika. Ndivyo ilivyo biskuti. Kuikausha ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kuilinda isinywe maji ya hewa.

Nusu hiyo ya pili ndiyo iliyoipa sifa nyumba ya Huntley. Joseph Huntley alifungua duka la mikate na biskuti mwaka 1822 katika mji wa Reading, ulio magharibi ya London, mwendo wa maili 40 hivi. Siku zile hapakuwa na garimoshi, wasafiri walikwenda kwa magari ya farasi, na magari hayo yalisimama mbele ya nyumba ya wageni iliyoelekeana na duka lake. Huntley akamtuma kijana na kikapu kwenda kuwauzia wasafiri. Wakazipenda, wakataka kuzichukua makwao, lakini zilivunjika njiani na kulegea. Sasa huyu Huntley alikuwa na mwana mwingine, naye jina lake Joseph kama baba, ambaye alikuwa fundi wa bati na chuma ng'ambo ya barabara ile ile. Mwana akatengeneza makopo, baba akatia biskuti. Sisi twaona kwamba hapo ndipo jambo lote lilipoanza, katika barabara moja ya mji mdogo, baba upande huu na mwana upande ule.

Mwaka 1841 akaingia George Palmer, mtu mwenye akili za mitambo, na mwaka 1846 wakafungua kiwanda kikubwa karibu na mto Kennet. Wote walikuwa wa Jamii ya Marafiki, Wakristo wa jamii ile ile iliyoanza misheni ya Kaimosi katika Kenya mwaka 1902. Palmer alipanga mashine ili unga uingie upande mmoja na biskuti zitoke upande wa pili bila kusimama. Reli ilikuwa imekwisha kufika, na meli za Waingereza zilikwenda pande zote za dunia. Ilipofika mwaka 1900, kiwanda kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 5,000, na hapakuwa na kiwanda cha biskuti kikubwa kuliko hicho duniani. Mji wenyewe ukaitwa mji wa biskuti. Hata wachezaji wa mpira wa Reading waliitwa Watu wa Biskuti, na jina hilo likadumu mpaka miaka ya 1970.

Makopo nayo yakawa biashara peke yake. Tangu mwaka 1868 yalianza kupambwa kwa rangi na picha, na watu wakayanunua kwa ajili ya picha. Mwaka 1901 lilitoka kopo lenye sura ya vitabu vilivyopangwa safu na kufungwa kwa mkanda. Waingereza waliliweka juu ya meza kama pambo. Walifanya kwa mchezo. Katika Uganda watu walikuwa wametangulia kufanya kweli, nasi twaja huko sasa.

Wamisionari wa CMS walifika Buganda mwaka 1877. Wasomaji wa kwanza walipoanza kupata vitabu, waliona adui yetu ni yule yule: mchwa. Tafsiri ya Biblia nzima ya Kiganda, iliyofanywa na George Pilkington pamoja na Henry Wright Duta Kitakule, ilikamilika mwaka 1896. Chapa moja ya Biblia hiyo ilifanywa kwa kipimo kisicho cha kawaida: upana wake inchi 3 hivi, na unene wake inchi 3 hivi, kama tofali dogo. Sababu yake ni kopo. Makopo ya biskuti ya Huntley & Palmers yalikuwa yamekwisha kuenea katika nchi, na waliopanga kitabu walikipima kipate kuingia sawasawa ndani yake, ili mchwa wasikipate. Watu wakaiita Biblia ya kopo la biskuti. Twafahamu kwamba watu wa dini hupima vitabu kwa mambo mengi, kwa fedha, kwa wino, kwa macho ya wazee. Lakini kitabu kukatwa kwa kipimo cha biskuti, hilo ni jambo la nchi zetu.

Wengine watasema, basi, sifa ziwaendee waokaji wa Reading. Sisi hatukatai. Lakini tuulize, makopo hayo yalifikaje Uganda? Reli ilifika ziwa Viktoria mwaka 1901. Kabla ya hapo kila kopo lilitoka pwani juu ya kichwa cha mtu, mwendo wa miezi, katika mzigo wa ratili 60 au zaidi. Wazungu wasafiri, Stanley mmojawapo, walikwenda na biskuti, na magazeti ya Ulaya yaliandika kwamba biskuti imeingia katikati ya Afrika, kana kwamba ilikuwa na miguu.

Na hapa kwetu je? Wazee wa Nyasa hawajasahau neno tengatenga. Ndilo jina la wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, walioandikwa kwa maelfu katika Nyasaland kuyafuata majeshi ya Jenerali Northey mpaka Songea na mbele. Katika miji ya Dar es Salaam na Nairobi jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi wa vita hivyo hivyo. Askari wa Kizungu walipewa nyama ya kopo na biskuti za jeshi, ngumu kama vigae, hata huko Ulaya askari wengine waliandika anwani juu ya biskuti, wakaitia posta kama kadi ifike nyumbani. Mpagazi alipewa unga wa mahindi, na mara nyingi hakupata muda wala kuni za kuupika ukaiva. Wengi sana walikufa kwa kuhara na kichomi, si kwa risasi. Mtu aliyebeba chakula kisichohitaji moto akafa kwa sababu ya chakula kisichoiva: tumelitafakari neno hili mara nyingi, na hatujapata la kuliongeza.

Sifa ya biskuti ikaendelea kukua mahali pengine. Ilikwenda na Kapteni Scott katika nchi ya barafu ya kusini mwaka 1910. Biskuti moja iliyobaki katika safari ya Shackleton ya mwaka 1907 hadi 1909 iliuzwa mnadani London mwaka 2011 kwa pauni 1,250, nayo haikuwa ya kuliwa. Lakini kiwanda chenyewe hakikudumu kama biskuti zake. Mwaka 1921 kiliungana na nyumba ya Peek Frean, wapinzani wake wa zamani, na mwaka 1976 uokaji ukakoma katika Reading.

Sasa turudi kwa yule mzee. Siku moja tulimwuliza kama baba yake alizipenda biskuti za kopo lile. Akacheka. Akasema baba yake alikuwa tengatenga, akalipewa kopo tupu na askari mmoja vita vilipokwisha, akatembea nalo mpaka nyumbani, akiwa ametia ndani yake chumvi. Biskuti zake hakuziona. Wala yeye mwenyewe, mpaka umri ule, hakuwa amekula biskuti ya kopo, ila zile za dukani za watoto.

Tulipokwenda Mbinga mwisho wa mwezi tukamnunulia pakiti mbili za biskuti, zilizo bora katika duka lile, tukampelekea. Mjukuu akaleta chai. Mzee akachovya ya kwanza, akala taratibu, akachovya ya pili, akasema ni tamu, lakini yafaa mtu mwenye meno machache kama yeye. Kisha akatafuta kwa macho juu ya meza na chini ya meza.

"Na kopo lake liko wapi, Mwalimu?"

Tukamwonyesha karatasi ya plastiki, iliyokuwa imekwisha kupeperushwa na upepo wa ziwa hata karibu na mlango. Akaiokota, akaikunjua juu ya goti, akaitazama pande zote mbili, akampa mjukuu akaitupe shimoni.